Beijing, Xi'an, Shanghai na nyumba ya ayeyo

Najua nimepotea. Niliahidi sehemu ya tatu ya mfululizo wa hifadhidata, badala yake mmeona kimya wiki tatu. Kisa ni kwamba kazini walinipeleka China kwa mafunzo ya siku kumi, nami nikaongeza siku nane za kutembea kwa pesa zangu mwenyewe. Hifadhidata itangoje kidogo. Leo nataka kuongea juu ya nyumba.

Wiki moja kabla sijasafiri tulikuwa na kikao cha familia hapa Isiolo. Ayeyo, yaani nyanya yangu, anaishi Bula Pesa katika nyumba ya mawe yenye mabati yaliyoshika kutu, baraza mbele na mwarobaini uani. Aliijenga babu, mtoto wa mmoja wa wale askari Wasomali waliokuja kukaa Isiolo baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Adeer, ndugu ya marehemu baba, anataka ibomolewe ijengwe nyumba ya kupangisha ya ghorofa nne. Tangu lami ifike hadi Moyale, kila mtu hapa anapiga hesabu ya kiwanja chake. Mkopo ungechukuliwa kwa jina langu, kwa sababu mimi ndiye mwenye mshahara wa kila mwezi. Nikaulizwa, nikajibu: bomoeni. Kwa mtu anayeandika programu hilo ni jibu rahisi. Mfumo wa zamani ukikusumbua unautupa, unaanza upya.

Basi nikapanda ndege na jibu langu.

Beijing nilianza na kasri la wafalme, lile liitwalo Mji Uliokatazwa. Lilijengwa kati ya 1406 na 1420 kwa amri ya mfalme Yongle. Ukivuka ua mmoja unakuta mwingine mkubwa zaidi, hadi miguu inaomba msamaha. Nilifurahi kukumbuka kwamba huyu Yongle si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 1415 aliletewa twiga kutoka Malindi, na mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba sarafu ya enzi yake imepatikana kisiwani Manda, karibu na Lamu.

Lakini kilichonigusa hakikuwa kasri, kilikuwa treni ya chini ya ardhi. Laini namba 2 inazunguka mji, na vituo vingi vinaishia na neno moja: Xizhimen, Chaoyangmen, Xuanwumen. Simu ikanitafsiria kwamba "men" ni lango. Nikashuka Xizhimen kulitafuta lango. Nikapata barabara za juu kwa juu, magari na maduka. Lango lenyewe lilibomolewa mwaka 1969. Ukuta wa mji uliondolewa, na treni ikapitishwa mle mle ulimosimama. Msanifu Liang Sicheng alikuwa amependekeza mwaka 1950 kwamba ukuta uachwe na juu yake pafanywe bustani ya watu. Hakusikilizwa. Wenzangu mnaijua hali hii: faili lilifutwa zamani, jina lake bado linaitwa kila mahali kwenye msimbo, na hakuna anayekumbuka lilifanya nini.

Mwenyeji wetu akanifundisha pia herufi iliyokuwa ikipakwa rangi kwenye nyumba zinazongoja kubomolewa. Hutamkwa karibu sawa na "chai". Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwetu chai ni ya kumkaribisha mgeni, ile yao ni ya kumtoa mwenyeji.

Xi'an ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Beijing, na treni ya kasi ilinifikisha kabla sijamaliza betri ya kompyuta. Hapa ukuta upo. Ni wa karne ya 14, mzunguko wake ni karibu kilomita 14, na juu yake ni mpana kiasi kwamba unakodisha baiskeli na kuuzunguka. Chini magari yanapita kwenye matao, na ndani na nje majengo mapya yanaendelea kuota. Hawakuchagua kimoja na kutupa kingine.

Alasiri nilisali katika Msikiti Mkuu wa Xi'an. Hauna kuba. Una ua baada ya ua na mapaa yaliyopinda kama hekalu la Kichina, lakini nilipoingia safu nilikuwa kwetu. Mzee mmoja aliniambia kupitia simu kwamba mbao huoza, hubadilishwa moja moja, na msikiti ni ule ule. Nikawaza: huyu mzee anajua kutunza mfumo kuliko mimi mwenye shahada.

Nikadhani nimeshapata funzo: usibomoe. Shanghai ikanivuruga tena. Upande mmoja wa mto kuna mabenki ya mawe ya zama za wakoloni, upande wa pili Pudong, ambayo mpango wake wa ujenzi ulitangazwa mwaka 1990 na leo ina Shanghai Tower ya mita 632. Shingo iliniuma! Kisha nikaenda Xintiandi, mtaa wa nyumba za zamani uliotengenezwa upya vizuri sana. Kuta zipo, milango ya mawe ipo, ndani ni mikahawa na maduka ya bei kali. Wakazi wa zamani walihamishwa. Kumbe unaweza kuhifadhi ukuta wote na bado ukampoteza mwenye nyumba.

Usiku huo nikampigia ayeyo. Nikamuuliza swali ambalo mwandishi wa programu anafundishwa kuuliza kwanza, nami sikuwa nimeliuliza hata mara moja: wewe unataka nini?

Akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, kikao kizima hakuna aliyeniuliza." Kuta hazijali, mabati yanavuja na yamemchosha. Anachotaka ni asipandishwe ngazi, mwarobaini usikatwe, na baraza ibaki ikitazama njia, ili watu wakitoka msikitini wapite wamsalimie.

Nimerudi, na Jumapili tumekaa tena. Nimesema nitasaini mkopo wa ghorofa mbili, si nne, zikijengwa nyuma, vyumba vya ayeyo viwe chini na baraza isiguswe. Kodi itakuwa ndogo. Adeer amenuna, anasema China imeniharibu. Fundi ameahidi kuleta mchoro mwisho wa mwezi, na safari hii wa kwanza kuuona ni ayeyo.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Wallahi safari hii sipotei.