Mvumo Haufukuzwi kwa Kununua Vipuri

Morogoro

Mpwa wangu mpendwa,

  

Nimeisikiliza sauti uliyonirekodia. Amplifaya yako ya TDA2030 inapiga, na muziki unatoka safi, ila chini yake kuna mvumo usiokoma hata wimbo ukiisha. Unasema rafiki yako amekushauri uweke kapasita kubwa zaidi, na ikishindikana ung'oe pini ya ardhi kwenye plagi. Subiri kwanza. Kabla ya kununua au kung'oa chochote, tafuta mvumo unaingilia wapi.

Umeme wa ukutani, volti 230, unageuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Daiodi nne za amplifaya yako zinafanya kazi ya kuupeleka wote upande mmoja, kwa hiyo kapasita zinajazwa kwa mapigo 100 kwa sekunde. Ndiyo maana mvumo una sauti mbili. Ule mzito na laini, wa hezi 50, mara nyingi huingia kwa waya wa sauti usio na kinga, au kwa transfoma iliyokaa karibu mno na saketi. Ule wenye makali, kama nyuki mzingani, hutoka upande wa umeme au kwenye nyaya za ardhi zilizounganishwa vibaya. Wako, nijuavyo kusikiliza, ni huo wa pili.

Usiniamini mimi, pima. Zima, chomoa plagi, subiri kapasita ziishiwe chaji, uhakikishe kwa mita. Kisha toa waya wa simu unayochezea muziki na uunganishe tundu la kuingizia sauti na ardhi yake papo hapo. Washa. Mvumo ukitoweka, ulikuwa unaletwa na waya au chombo cha nje. Ukibaki, zungusha volyumu: ukibadilika, unaingilia kwenye volyumu au kabla yake, na huenda ganda lake la chuma halijaunganishwa na ardhi. Usipobadilika, unaingilia baada ya volyumu.

Sasa hiyo kapasita. Umeniandikia kuwa umeweka za maikrofaradi 4700, moja kila upande wa umeme, chanya na hasi. Amplifaya ikivuta amperi 1, kapasita kama hiyo inapungukiwa na volti kama 2 kati ya pigo na pigo. Lakini wewe unasikia mvumo muziki ukiwa umenyamaza, na hapo TDA2030 moja haivuti hata miliamperi 100. Kwa mzigo mdogo hivyo, kapasita zako, kama ni nzima, zinatosha na kubaki. Pesa yako iache mfukoni.

Ninayemshuku ni waya wa ardhi. Daiodi hazijazi kapasita polepole. Zinasukuma umeme kwa vishindo vifupi vya amperi kadhaa. Chukua kipande cha waya chenye ukinzani wa omu 0.01 tu. Kishindo cha amperi 3 kikipita humo, kinaacha milivolti 30. Kama ardhi ya sauti imefungwa kwenye kipande hichohicho, amplifaya inaziona milivolti hizo kuwa ni muziki, inazikuza mara 30 na kitu, na spika inapata karibu volti 1 ya mvumo. Kwa hiyo waya wa katikati wa transfoma uende moja kwa moja pale kapasita mbili zinapokutana. Kutoka hapo toa waya mmoja hadi nukta moja ya ardhi, na kwenye nukta hiyo kila mmoja aje kwa waya wake: spika, saketi, sauti, na sanduku.

Ukiwa humo ndani, kagua pia mgongo wa aisii, yaani ile TDA2030. Bati lake limeungana na mguu wa 3, yaani umeme hasi. Likigusa sanduku bila karatasi ya maika, utakuwa umepiga shoti upande mmoja wa umeme.

La mwisho ndilo kubwa. Kung'oa pini ya ardhi kunaweza kunyamazisha mvumo kweli, hasa ukicheza muziki kutoka kwenye kompyuta iliyochomekwa chaja, kwa sababu kunakata mzunguko kati ya ardhi mbili. Lakini siku transfoma ikivuja, sanduku la chuma litakuwa na volti 230. Pini ikiwepo, fyuzi inaungua. Isipokuwepo, sanduku linamsubiri atakayeligusa. Kama tatizo ni kompyuta, weka transfoma ndogo ya sauti kati yake na amplifaya, na pini uiache mahali pake.

Panga nyaya hizo upya Jumamosi ukiwa na mchana wa kutosha, kisha unijulishe mvumo umeishia hatua ipi. Nisalimie dada yangu, mama yako.

Wako,
Mjomba