Mwanzi Usiojulikana kwa Chavua Yake

Aliyezaliwa Taveta hukua akiutazama Mlima Kilimanjaro kila kunapopambazuka, na huenda asitambue kamwe kwamba mlima huo una pengo. Katika Mlima Kenya na safu za Nyandarua, anayepanda hupita ukanda mpana wa mianzi kabla ya kuufikia uwanda wa juu. Kilimanjaro haina ukanda huo. Ina vichaka vichache tu upande wa kaskazini. Mnamo mwaka wa 2006, mtaalamu wa mimea Andreas Hemp aliuhusisha upungufu huu na tembo na nyati. Mianzi hunufaika pale wanyama hao wanapouvuruga msitu, nao hawapo katika miteremko ya kusini yenye mvua, iliyozingirwa na mashamba ya Wachaga.

Je, mianzi iliwahi kuwako? Shahidi mmoja yuko karibu na Taveta yenyewe. Ziwa Chala, lililomo ndani ya kreta inayokatwa na mpaka wa Kenya na Tanzania, lina kina cha takriban mita 90. Huko chini hakuna oksijeni, kwa hivyo matope hulala tabaka juu ya tabaka bila kuvurugwa. Mwaka wa 2016 watafiti walichimbua humo zaidi ya mita 200 za mashapo, kumbukumbu ya takriban miaka 250,000. Ndani ya mashapo hayo mna chavua, kwani ganda la chembe ya chavua ni gumu na haliozi upesi pasipo hewa.

Lakini shahidi huyu ana kigugumizi. Mwanzi, kwa urefu wake wote, ni nyasi. Ni jamaa wa muwa, mtama na mahindi. Chavua ya ukoo huu mzima ina sura moja: chembe ya mviringo yenye tundu moja, na tundu hilo lina ukingo kama pete pamoja na kifuniko chake. Mahindi pekee hujifichua kwa ukubwa, kwani chembe yake aghalabu huzidi maikromita 80, ilhali nyasi nyingi za mwituni hazifiki 50. Mwanafunzi wa Kiswahili ataielewa hali hii mara moja. Kiambishi m- humwambia kwamba mwanzi, mti na mkate ni wa ngeli moja. Hakimwambii kipi huliwa na kipi hujengewa.

Hadubini ya elektroni huonyesha zaidi. Uso uliodhaniwa kuwa laini huonekana umejaa vinundu vidogo mno, na mpangilio wa vinundu hivyo ndio wataalamu hujaribu kuutumia kutenganisha mianzi iliyo jamaa wa karibu. Wamelazimika kufika huko kwa sababu mimea huainishwa hasa kwa maua, na mianzi mingi huweza kukaa miongo kadhaa bila kuchanua, kisha ikachanua kwa pamoja na kufa. Kejeli iliyoje: chavua nayo hutoka katika ua lilo hilo linalosubiriwa!

Haishangazi basi kwamba mwanzi wa milima yetu umehamishwa nyumba mara kadhaa. Mwaka wa 1895 Karl Schumann aliuita Arundinaria alpina. Baadaye ukaingizwa katika Yushania, jina litokanalo na mlima wa Taiwan, na pia katika Sinarundinaria, jina lenye Uchina ndani yake. Mwaka wa 2013 Chris Stapleton aliupa jenasi yake yenyewe, Oldeania, kutokana na Mlima Oldeani wa kaskazini mwa Tanzania, ambao jina lake ni la Kimaasai na maana yake ni mwanzi. Wafugaji waliokuwa wakiuita mlima huo kwa mmea wake hawakuhitaji hadubini. Waama, hapa msamiati wa wenyeji umeifaa sayansi kuliko majina mawili ya kuazima.

Chavua haikuamua kesi hiyo, wala haijaamua ile ya Kilimanjaro. Katika majedwali ya wanaohesabu chembe za mashapo, chembe iliyopeperushwa na upepo kutoka kwenye mwanzi huingia safu moja na ile iliyotoka kwenye malisho ya ng'ombe, chini ya neno moja: nyasi.