Wimbo Usiojibiwa

Ushairi wa majibizano una sharti moja lisiloandikwa: anayejibu huamini kwamba aliyeuliza bado yupo, anasikiliza. Malenga hufunga fumbo, mwenziwe akalifungua kwa vina vile vile, na wasikilizaji wakapata raha ya kuiona kauli ikirudi ilikotoka. Raha hiyo si ya mwambao peke yake. Mjini Glasgow, Uskoti, ipo bendi iitwayo Camera Obscura, ambayo safari yake ya muziki yaweza kusomwa kama majibu matatu: la kwanza kwa mshairi wa kale, la pili kwa mwimbaji aliye hai, na la tatu kwa mwenzao aliyenyamaza.

Bendi hiyo iliundwa mwaka 1996. Mtunzi na mwimbaji wake mkuu ni Tracyanne Campbell, mwanamke mwenye sauti ya upole isiyo na makeke, inayotamka huzuni kana kwamba inasimulia habari za jana. Albamu yao ya kwanza, *Biggest Bluest Hi Fi*, ilitoka mwaka 2001, na aliyesimamia kurekodiwa kwake ni Stuart Murdoch wa Belle and Sebastian, bendi iliyokwisha kupata jina katika mji huo huo. Msaada huo ulikuwa neema na mzigo pia, kwani kwa miaka kadhaa wengi waliwapima kwa kibaba cha wakubwa wao.

Miongoni mwa waliowapenda mapema alikuwamo John Peel, mtangazaji wa redio ya BBC aliyezifungulia mlango bendi nyingi changa. Mwaka 2004 aliwaomba wayatie mahadhi mashairi ya Robert Burns, kwa ajili ya usiku wa mshairi huyo, ambao Waskoti huuadhimisha kila tarehe 25 Januari. Miongoni mwa waliyoyaimba ni "I Love My Jean". Burns alilitunga shairi hilo mwaka 1788, alipokuwa akitayarisha makazi katika shamba la Ellisland, naye mkewe, Jean Armour, yuko mbali. Alilitunga kwa kufuata mahadhi yaliyokuwapo, kwa hiyo lilizaliwa likiwa wimbo. Msomaji aliyezoea kusikia shairi likighaniwa hatashangaa kwa hilo. Jipya lilikuwa kwamba maneno ya mume anayemtamani mke sasa yalitoka kinywani mwa mwanamke, na upweke ule wa karne ya 18 haukupungua chochote. Wimbo huo ulitolewa katika sahani mwaka 2005. Peel hakuuona ukiuzwa madukani. Alikuwa amefariki Oktoba 2004, akiwa safarini nchini Peru. Aliyeomba aliondoka, ombi lake likabaki.

Jibu la pili ndilo lililowapa jina. Mwaka 1984 Lloyd Cole, kijana Mwingereza aliyesoma Chuo Kikuu cha Glasgow, aliimba na bendi yake wimbo unaouliza kama mtu yu tayari kuvunjwa moyo. Swali hilo lilikaa miaka 22. Mwaka 2006 Campbell alilijibu kwa "Lloyd, I'm Ready to Be Heartbroken", wimbo unaofungua albamu ya *Let's Get Out of This Country*, waliyoirekodi nchini Sweden na Jari Haapalainen. Jibu lenyewe limo katika jina: yu tayari. Lakini kabla ya Campbell kufungua kinywa, kinachosikika ni kinanda, kimechangamka kama kengele za harusi, kana kwamba kuvunjwa moyo ni sherehe ya kualikiana.

Mpiga kinanda alikuwa Carey Lander, ambaye pia aliitikia kwa sauti nyuma ya Campbell. Kazi ya mwitikiaji haionekani mpaka ikosekane. Mwaka 2011 aligunduliwa kuwa na saratani ya mifupa ya aina ya osteosarkoma, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana. Aliendelea kupiga, na mwaka 2013 bendi ikatoa *Desire Lines*, iliyorekodiwa Portland, Marekani. Mwaka 2015 alianzisha mchango wa fedha za utafiti wa maradhi hayo, akijua kwamba faida yake itawafikia wengine, si yeye. Alifariki Oktoba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 33.

Bendi ikanyamaza. Aliyekwisha kuimba kwamba yu tayari kuvunjwa moyo alikuta kwamba utayari wa wimbo na utayari wa maisha ni vitu viwili. Waliporudi jukwaani, mwaka 2019, ilikuwa baharini, ndani ya meli iliyotoka Barcelona kwa tamasha lililoandaliwa na Belle and Sebastian. Kinanda kilikuwa mikononi mwa Donna Maciocia. Miaka 5 baadaye, Mei 2024, ilitoka albamu yao ya kwanza katika miaka 11, na aliyeisimamia alikuwa tena Haapalainen. Ndani yake umo "Sugar Almond", wimbo alioandikiwa Lander.

Burns alijibiwa baada ya zaidi ya miaka 200, Cole baada ya 22. Huu wa tatu hautarajii jawabu, na kwa hiyo unavunja lile sharti la majibizano. Hata hivyo umeimbwa, kwa sababu anayeliliwa akiachwa bila wimbo huwa amekufa mara mbili. Albamu hiyo inaitwa *Look to the East, Look to the West*, yaani tazama mashariki, tazama magharibi. Ni maneno yanayomfaa mtu asimamaye ufukweni akimtafuta msafiri, naye ajua fika kwamba chombo hakirudi.