Karamu ya Idi kwa Watu wa Ngazi Moja

Leicester, Uingereza

Mwanangu mpenzi,



Uliponipigia simu kutoka Glasgow uliniuliza mambo mawili: uwaalike nani kwenye chakula chako cha Idi, na uwapikie nini watu wasioijua pilau. Nilikujibu juu juu kwa kuwa nilikuwa njiani, na jambo lenyewe linataka utulivu, ndiyo nikaona nikuandikie.

Majina uliyonisomea yalikuwa ya wenzako wa chuoni na Waswahili wawili watatu wa hapo mjini. Hao ni wako, watakuja siku yoyote utakayowaita. Mimi nakuomba uanze na watu wa ngazi yako. Katika zile nyumba za mawe za Glasgow familia kadhaa hupanda ngazi moja, na mtu anaweza kuishi humo mwaka mzima asijue aliye mlango wa pili anaitwa nani. Kwetu Unguja jirani ndiye anayejua unaumwa kabla ndugu zako hawajapata habari. Mwezi wa Ramadhani sahani zinavuka uchochoro kabla ya adhana ya magharibi, na hakuna anayeuliza kwanza kama wa nyumba ile kafunga. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharri kwamba akipika mchuzi azidishe maji, awakumbuke jirani zake. Hakumwekea sharti kwamba wawe wanafanana naye. Hilo ndilo ninalotaka ulishike, mengine yote ni mapishi.

Nikupe mfano wa mtaani kwangu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini, watu kiasi cha 28,000 walikuja Uingereza. Baraza la mji huu wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije hapa. Walikuja. Mmoja wao anakaa jirani nami, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Tulikuwa tukipungiana mikono tu. Nilipompelekea kadi ya Idi alikuja na mkewe, na harufu ya bizari ilipomkuta mlangoni akanisalimu kwa Kiswahili safi, akavua viatu bila kuambiwa. Alikaa mpaka usiku akisimulia duka la baba yake na samaki wa Ziwa Viktoria. Mji uliomwambia asije sasa ni mji wake na wangu, na mimi na yeye tulijuana kwa sababu ya sufuria ya pilau.

Sasa tarehe. Mwezi utakusumbua. Mwaka 2025 wengine katika nchi hii waliswali Idi Jumapili tarehe 30 Machi, wengine Jumatatu tarehe 31. Huwezi kumwambia Mskochi angoje mwezi uandame ndipo ajue anakula wapi. Wenzetu hupanga siku zao wiki nyingi mbele. Siku ya Idi yenyewe toa zakatul-fitri kabla ya swala, nenda msikitini, mpigie mama yako, kula na Waislamu wenzako. Majirani waite Jumamosi inayofuata, saa saba mchana. Kwenye kadi andika kwamba umefunga mwezi mzima, mwezi umekwisha na unapenda mle pamoja. Kwamba watoto wanakaribishwa. Na kwamba wakuambie wasichokula. Weka namba yako ya simu. Gonga mlango umpe mtu mkononi, na ukimkosa ndipo uitumbukize kwenye tundu la barua.

Kuhusu chakula sina mashaka hata kidogo: wapikie pilau. Hayo mawazo ya kuku wa kuoka na viazi kwa kuwa ndivyo walivyozoea, yaache. Mgeni aliyeitwa Idi anakuja kula chakula cha Idi, na ukimpa cha kwake umemnyima alichokijia. Tena pilau haina ukali wa kumtisha mtu. Pilipili iko kwenye kachumbari, nayo utaiweka kwenye bakuli la peke yake.

Kwa watu kumi na wawili tumia kilo moja na nusu ya mchele wa basmati na kilo mbili za nyama ya mbuzi yenye mifupa. Agiza mapema kwenye bucha la halali, maana nyama ya mbuzi haipatikani kila siku. Chemsha nyama na tangawizi, thomu na chumvi mpaka ilainike, supu uiweke. Kisha vitunguu, na hapo ndipo pilau inapofanikiwa au kuharibika. Vikate vyembamba, simama navyo, usishike simu. Ukivitoa vikiwa bado vya dhahabu pilau itatoka nyeupe kama ya mgonjwa, ukiviacha viungue itakuwa chungu. Unataka rangi ya kahawia iliyokolea, ile ya ganda la mdalasini. Fungua dirisha na ufunge mlango wa jikoni kwa ajili ya king'ora cha moshi, na usithubutu kukitoa betri, unakaa na watu juu na chini. Tia thomu na tangawizi, bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki, na karafuu chache tu, kwani karafuu ikizidi humeza harufu nyingine zote. Nyama ifuate, viazi, halafu supu. Ikichemka, mimina mchele uliouloweka nusu saa. Maji yakikaribia kukauka, nyumbani tungepalia makaa juu ya kifuniko. Wewe funika vizuri na uitie sufuria ndani ya oveni, digrii 150, kama dakika 25. Tazama kwanza mikono ya sufuria isiwe ya plastiki.

Mzee wangu wa Jinja hali nyama. Yeye nampikia pilau ya viazi na njegere, sufuria mbali, mwiko mbali, maji matupu bila supu. Kuchota wali pembeni ya nyama ukamwambia mtu hauna nyama ni kumdanganya mgeni, na dhambi yake unaijua. Uliza pia nani anadhurika na korosho au ufuta.

Kaimati na tambi za sukari unazipika vizuri kuliko mimi, sina la kukufundisha.

Watakuuliza walete nini. Huku ni desturi kwenda kwa mtu na chupa ya mvinyo, kwa hiyo jibu lako liwe tayari: matunda, au maua. Atakayekuja na chupa kwa kutojua, mshukuru kwa nia yake, mwambie kwa upole nyumba hii haitumii, na aondoke nayo akirudi kwake. Hakuna atakayeona vibaya ukisema kwa uso mkunjufu.

Jirani atakayeshindwa kuja mpelekee sahani ingali moto. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na huku nimeona hivyo hivyo. Bibi mmoja wa mtaani kwangu nilimpelekea pilau akiwa anaumwa mguu. Sahani ilirudi Desemba na keki ya Krismasi juu yake. Keki hiyo kwa kawaida matunda yake hulowekwa kwenye brandi. Yeye aliyaloweka kwenye chai, akaniandikia hivyo kwenye kikaratasi ili nile bila wasiwasi. Nililia jikoni, mwanangu.

Wali utakaobaki usiulaze jikoni kama tulivyozoea. Upoeze upesi, ndani ya saa moja, uuweke kwenye friji na uliwe kesho yake. Wali uliokaa nje huweza kuota vijidudu vinavyoacha sumu isiyoondoka kwa kupashwa moto.

Nakutumia kwa posta karafuu za Pemba na iliki. Kadi zianze kutoka wiki hii, usingoje mfungo wa mwisho. Nikikupigia Ijumaa nataka unitajie majina ya majirani zako, mlango kwa mlango.

Wasalaam,
Shangazi yako