Cherehani Iliyofunikwa

Mjukuu wangu alirudi kutoka mkesha na chupa ya maji ya upako, pamoja na stika yenye picha ya mtumishi wake. Stika akaibandika juu ya mlango wa sebule yangu. "Ni ulinzi, Babu," akasema. Kisha akauliza: zamani kule Bukoba, kabla ya watumishi hawa, nani alikuwa anawafunika?

Swali lile limeninyima usingizi siku tatu. Simlaumu. Hakuna aliyemsimulia habari za Fundi.

Sote tulimwita Ndugu Fundi. Alishonea barazani, kwenye cherehani nyeusi ya miguu, Singer, ambayo maandishi yake ya dhahabu yalikuwa yamefutika upande kilipopita kiwiko chake. Ukifika pale ilikupokea harufu ya mafuta ya mashine na moshi wa pasi ya mkaa, na ile ya kitenge kipya kinapoguswa na chuma cha moto. Novemba na Desemba iliongezeka ya senene waliokaangwa nyumba ya pili. Hadi leo nikinusa mafuta ya cherehani, moyo wangu unajua ni Krismasi.

Alikuwa mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukatufikia. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa 1977 kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, naye alitoka humo. Lakini katika ushirika kila mtu alikuwa ndugu, awe na joho au asiwe nalo. Waliimba Tukutendereza kwa Kiganda, hata wasiokijua Kiganda, kisha mmoja mmoja akasimama kutembea nuruni: kuitaja dhambi kwa jina lake, na kama ilimgusa mtu, kumwendea.

Jioni moja Fundi alisimama akasema cherehani imekaa mahali pa Mungu. Akipiga magoti alfajiri anasikia mlio wake. Akifumba macho anahesabu suruali. Akasema pia kuna vitambaa. Miaka yote, kilichobaki baada ya kukata nguo za watu alikificha, akakishonea foronya na kuziuza.

Kesho yake alifika kwetu na furushi begani. Alilifungua kwenye jamvi, akachambua vipande kimoja kimoja, akimtajia mama gauni kila kipande kilikotoka.

"Ndugu, si vya kutupa hivi?" mama akasema.

"Ni vyako wewe utupe, mama. Havikuwa vyangu kuweka."

Alizunguka hivyo mtaa mzima, nyumba hadi nyumba.

Tangu wiki ile, Jumamosi ikifika magharibi aliifunika cherehani kwa shuka jeupe mpaka Jumatatu. Sasa, kuna mwaka Krismasi iliangukia Jumatatu. Nimekagua kalenda: ilikuwa hivyo 1967, na tena 1972; mimi nilikuwa darasa la tano, basi ni 1972. Mwaka si kitu. Nakumbuka Jumapili ile mfanyabiashara wa kahawa amesimama barazani, suti yake imebaki mikono tu, noti kiganjani, anapandisha bei maradufu. Fundi alimkaribisha chai. Shuka halikuguswa. Kaptura yangu alikuwa amenikabidhi jana yake ikiwa na bandi ya uzi mweupe pindoni, akaniomba radhi kama anavyoombwa mtu mzima. Nikaenda kanisani na bandi ile, nimemchukia kabisa.

Nilichelewa sana kumwelewa. Aliipenda mashine ile, ndiyo iliyosomesha watoto wake, na kwa sababu aliipenda ndiyo maana aliifunika.

Halafu vikaja vita, ikaja miaka ya maduka matupu, zikaja kaseti za kwaya, vipaza sauti, mikutano ya viwanjani, skrini. Fundi alizikwa katikati ya hayo yote. Siku hizi namba ya kutumia sadaka inaonyeshwa kabla somo halijasomwa, na picha ya mhubiri kwenye bango ni kubwa kuliko msalaba. Inaniuma. Tumemfanya Mungu kuwa fundi wetu: tunampelekea kitambaa na vipimo, tunamwambia na siku ya kuja kuchukua. Amri ya kwanza watoto wanaikariri kipaimara, wakitoka hapo wanapewa stika. Nami naungama, maana Fundi angenidai hilo: alfajiri mkono wangu unaifikia simu kabla magoti hayajafika sakafuni.

Jana nilifungua sanduku la marehemu mama. Kipande kimoja alikihifadhi, kitenge cha manjano chenye upana wa kiganja. Nikampa mjukuu, nikamwambia kiliwahi kurudishwa na mtu kwa sababu ya Mungu. Alikishika kwa heshima, akakigeuza huku na huku, akitafuta jina la huduma. Hakikuwa na maandishi.

"Babu," akasema, "alirudisha kitu kidogo hivi?"

Nikamvutia kiti.