Pikipiki ya Kiitalia katika Njia ya Mgeta

Mpenzi msomaji, ukitoka Morogoro mjini na kushika barabara kuu ya Iringa, milima ya Uluguru inakuwa mkono wako wa kushoto kama ukuta. Ukifika Sangasanga unaiacha barabara kuu, unapinda kushoto, na baada ya mwendo mfupi upo Mzumbe. Wengi wenu mmelisikia jina hili kwa ajili ya masomo. Mwaka 1953 ilianzishwa hapa shule ya kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na tangu 2001 ni Chuo Kikuu. Lakini leo sisemi habari za chuo. Nataka tuitazame njia inayokipita chuo na kuendelea mbele, kwani ndiyo njia yangu mimi, na juu ya njia hiyo nilikuwa na jambo la kuamua.

Njia hiyo inapita Kipera na Mlali, mahali pa tambarare, ambako hata mtoto wa darasa la saba anaweza kuendesha baiskeli bila kuhema. Baada ya Mlali mambo yanageuka. Njia inaanza kupanda na kujipinda, upande mmoja kilima, upande mwingine korongo. Unaiacha migomba, unaanza kuona makabichi, viazi, karoti na njegere katika mashamba ya ngazi, na juu zaidi miti ya matunda damu na mapichi. Baridi inakuingia mikononi. Ndiyo Mgeta hiyo. Na juu yake Langali, Nyandira na Tchenzema, na nyuma ya hapo uwanda wa Lukwangule ulio juu zaidi ya mita 2,400. Mlima Kimhandu wenyewe umepita mita 2,600. Kabichi unalokula Dar es Salaam huenda limeshuka kwa njia hii.

Wakati wa kiangazi njia hii ni vumbi na mawe. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, udongo ule mwekundu ni sabuni tupu. Nimewaona vijana watatu wakiisukuma pikipiki moja yenye magunia mawili ya karoti, huku mwenyewe akitembea kando akiwa ameshika viatu mkononi.

Basi, pikipiki za huku zajulikana. Vijana wa bodaboda wanapanda Boxer na TVS za Kihindi, na za Kichina za majina mengi. Mabwana shamba na watu wa misheni wamezoea zile ndefu za Kijapani, Honda XL na Yamaha DT, ambazo nyingine ni za zamani kuliko waziendeshao. Mimi ninayo Boxer. Lakini kusema kweli mimi siioni sana, maana anayeipanda ni mwana wa dada yangu. Asubuhi anachukua abiria pale njia panda, jioni ananiletea hesabu, na fedha hiyo ndiyo inayolipa karo ya wadogo zake wawili. Nikiichukua kwa siku mbili kupanda vigangoni na daftari zangu za ubatizo na ndoa, siku hizo mbili nyumba ya dada yangu haina kitu. Ndiyo sababu nilianza kufikiri habari ya pikipiki ya pili.

Hapo ndipo ilipotokea ile ya Kiitalia. Fundi mmoja mgeni, ambaye kazi yake ya mkataba ilikuwa imekwisha, alikuwa akiiuza kabla ya kurudi kwao. Ilikuwa SWM RS 300 R, nyekundu na nyeupe, nyembamba kama panzi, na bei aliyoitaja ilikuwa ya Boxer mpya pamoja na nusu yake. Fedha hiyo nilikuwa nayo. Niliiweka kidogo kidogo kwa miaka minne kwa ajili ya bati za nyumba ya mama huko Nyandira, naye mama aliniambia kwamba nyasi zitavumilia masika moja zaidi.

Niliuliza kwanza ukoo wa mashine hiyo, kama mtu aulizavyo ukoo wa mchumba. Kampuni ya SWM ilianzishwa Italia mwaka 1971 na Piero Sironi na Fausto Vergani, kwa ajili ya mashindano ya porini na milimani. Mwaka 1984 ikafa. Sasa sikilizeni jinsi ilivyofufuka. Kulikuwa na kampuni nyingine, Husqvarna, Waswidi kwa asili yao. Mwaka 1987 pikipiki zao zilinunuliwa na kampuni ya Cagiva, zikahamia Italia, upande wa Varese. Mwaka 2007 wakainunua BMW, na mwaka 2013 ikauzwa tena, ikahamishiwa Austria. Kiwanda cha Biandronno kikabaki kitupu. Ndipo mhandisi Ampelio Macchi, pamoja na fedha za kampuni ya Shineray ya China, walipokishika kiwanda hicho mwaka 2014 na kuanza kutengeneza pikipiki kwa jina lile la kale. Kwa hiyo damu yake ni ya Husqvarna, kiwanda ni cha Italia, na mfuko ni wa China.

Waitalia si wageni katika barabara yetu. Wamisionari wa Consolata wapo Iringa tangu 1919, na bomba la mafuta la TAZAMA, linalotoka Dar es Salaam kupita Morogoro hata Ndola, lilijengwa na Waitalia likamalizika mwaka 1968. Wala pikipiki zao si za kudharauliwa katika ardhi ya Afrika. Edi Orioli alishinda mbio za Dakar, zile za kuvuka jangwa la Sahara, akiwa juu ya Cagiva mwaka 1990 na tena 1994. Kwa hiyo msidhani niliiogopa kwa kuwa ni ngeni.

Mwenyewe alinipa niijaribu siku moja. Nilipanda nayo toka Mzumbe hata Nyandira, siku ya pili baada ya mvua. Ndugu zangu, sina la kuficha: ilikuwa tamu. Pale baada ya Mlali ambapo Boxer huanza kulia na kuomba gia ya kwanza, hii ilipanda kama mbuzi. Shokapu zake ndefu zilimeza mawe, tairi za meno zikaushika udongo, na breki zake za diski, mbele na nyuma, zilinitii katika mteremko. Watoto wa shule walisimama kando wakapiga makofi. Nami nina miaka thelathini na kitu, nikajiona kijana.

Lakini nilipofika juu nilianza kuhesabu. Kwanza, kiti chake kiko juu zaidi ya sentimita 95. Mimi si mrefu, na kila niliposimama kwenye utelezi mguu ulitafuta ardhi bila kuipata upesi. Pili, haina keria. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na haraka yake. Mama mgonjwa ungemweka wapi? Gunia la viazi je? Tangi lake nalo ni la lita saba hivi, na huko juu petroli inauzwa kwa chupa, kwa bei ya mwenye chupa. Boxer yangu ya 150 inabeba lita 11, mtu wa nyuma, na mkungu wa ndizi.

Hayo yote mtu angeweza kuyavumilia. La nne ndilo lililonishika. Nilimwita fundi anayetengeneza pikipiki za vijana huku kwetu, mtu ninayemwamini, aje aitazame. Akachuchumaa mbele yake kimya kwa muda mrefu. Kisha akanionyesha. Injini ya Boxer hupozwa na upepo tu. Hii inapozwa na maji, ina rejeta, na rejeta ikipigwa na jiwe siku ya kuanguka maji yanamwagika na safari inaishia hapo. Boxer ina kabureta, ambayo yeye anaifungua na kuisafisha kwa mswaki pembeni mwa njia. Hii ina pampu ya umeme na injekta, na sanduku dogo la kompyuta linaloamuru mafuta. Tena, kwa kuwa ukoo wake ni wa mashindano, inataka oili mapema kuliko pikipiki za kazi, na valvu zikaguliwe mara kwa mara.

“Ikigoma,” akasema, “nitakuazima kamba uivute.”

Nikamuuliza, je, kwa kuwa ina mkono wa Wachina, vipuri vya hizi za Kichina havitaingia? Akacheka. Hata plagi alitaka kwanza aione. Mimi nikaenda mjini Morogoro nikapita maduka ya vipuri moja baada ya jingine. Vya Boxer na TVS vimetundikwa hadi darini. Nilipotaja SWM, mwuzaji mmoja aliniuliza kama ni jina la benki.

Jumapili ile nilimpelekea mjomba habari. Ninyi mjuao desturi ya Waluguru mtaelewa: sisi ni watu wa ukoo wa mama, na neno la mjomba si la kupita kando. Nilimkuta akipalilia njegere. Nikamwamkia, nikaeleza yote, hata utamu wake sikuuficha.

“Ile ya kwanza,” mjomba akauliza, “ilipokatika cheni mwaka jana, ilikaa siku ngapi?”

“Saa moja, mjomba. Tulipata cheni Mlali.”

“Na hii ikikatika?”

Nikajibu kwamba kipuri sharti kiagizwe ng'ambo, na sijui ni majuma mangapi.

“Basi mwanangu, usiniulize mimi. Waulize wale wanaokungoja.”

Akaendelea kupalilia.

Nimeandika haya kwa sababu najua vijana wengi katika vijiji vyetu wanaonyeshwa pikipiki za namna hii siku hizi, katika simu na kwa wageni wanaoondoka. Simsemi vibaya aliyeitengeneza. Mtu akae Morogoro mjini au Dar es Salaam, awe na fedha ya kuagiza vipuri kabla havijahitajika, awe na pikipiki nyingine ya kazi, na hii awe nayo kwa raha yake ya Jumamosi. Mtu huyo na ainunue, wala asinisikilize mimi. Kwangu mimi pikipiki ya pili ndiyo itakayokuwa ya kazi. Ya kwanza imekwisha kuwa karo.

Mwenye SWM nimemrudishia funguo na shukrani. Fundi wangu amenishauri nichukue Boxer nyingine, niifunge spoketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi ili ipate nguvu ya kupanda, hata kama itapoteza mbio katika lami, na tairi ya meno nyuma. Spoketi na tairi tumekwisha kuzipata mjini. Fedha iliyobaki haitoshi bati za nyumba nzima ya mama, lakini inatosha upande wa jikoni, ambako ndiko kunakovuja. Bati hizo zitapanda Nyandira kwa lori kabla ya Machi.