Wimbo Uliodai Haki

Sisi tuliosomea chuoni huulizwa kila mara: je, wimbo wafaa kusikizwa? Leo natutazame kilichoimbwa. Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba “Kijiti”: mwanamke mgeni aliuawa, muuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Hayo si mapenzi wala mipasho. Ni dai la haki. Na haki, Mola ametuamrisha katika Suratun-Nisaa tuisimamie, ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Basi mke au binti akileta mashtaka, asiambiwe tu “subiri.” Asikizwe, na jambo lake lichunguzwe. Aliyedhulumiwa asingoje mpaka wimbo umsemee. Mola atuwafikishe.